Kuruka kwenye genge la bahari: dalili, vyanzo na marekebisho kwa marubani wa paraglaida na hanglaida

Genge la Torrey Pines, kaskazini ya La Jolla katika jiji la San Diego, Marekani, lina kimo cha takriban mita 100 na linatazama magharibi, uso kwa uso na Bahari ya Pasifiki. Upepo wa bahari ukiligonga hauna pa kwenda ila juu, na mkondo huo wa kupanda ndio unaobeba mabawa yetu: paraglaida, bawa laini la kitambaa lililofungwa kwa kamba, na hanglaida, lenye fremu ya bomba. Kupaa bila injini hapo ni jambo la zamani. Mwaka 1930 Charles Lindbergh alipita juu ya magenge hayo kwa glaida. Wageni wanabadilika, lakini malalamiko ni yaleyale, na ndiyo niliyoyapanga hapa kwa dalili.

Kama ulijifunza Iten, Kenya, kwenye ukingo wa Bonde la Kerio, anza na jambo hili. Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Hewa ya ufukweni ni nzito kwa karibu robo zaidi. Kwa hiyo upepo wa kilomita 20 kwa saa utalivuta bawa kwa nguvu zaidi pwani kuliko kule, na bawa lenyewe litaruka polepole zaidi, kama asilimia 10 hadi 12. Asiyejua hili hufika ufukweni akaanza kulishuku bawa zima lisilo na kasoro.

Utaratibu wangu wa kutafuta chanzo hauna ubishi: kwanza upepo, pili rubani, mwisho chombo. Watu wengi hufuata mpangilio wa kinyume. Wanakagua kamba nusu saa nzima huku bahari mbele yao inaonyesha jibu.

Bawa halipandi, au linapanda upande mmoja

Chanzo cha kawaida kabisa ni kwamba hukulielekea upepo. Upepo wa pwani huhama kidogo kidogo kadiri mchana unavyosonga, na ule ulioupima wakati unafungua begi si lazima uwe huu wa sasa. Tazama kitambaa cha upepo kwenye ukingo, si kile kilicho nyuma kwenye maegesho. Rusha majani makavu machache uone yanakokwenda.

Chanzo cha pili ni kamba iliyonaswa. Magenge ya California yana mimea ya pwani yenye majani manene na vijiti vikavu vinavyopenda kamba nyembamba za juu. Inua bawa kidogo tu, kama ukuta, ulisimamishe hapo na upitishe macho kamba moja moja kutoka raiza (mikanda inayounganisha kamba na hanesi, yaani kiti cha mikanda cha rubani) hadi kwenye kitambaa. Fundo dogo karibu na breki (kamba za mkononi za kugeuza na kupunguza mwendo) halionekani bawa likiwa limelala.

Kisha mchanga. Ukilikunja bawa ufukweni mara kadhaa, mchanga hukusanyika ndani, kwenye ncha, karibu na ukingo wa nyuma. Ncha moja ikiwa nzito, upande huo huchelewa. Shika ncha, itikise juu ya mkeka mweupe, utashangaa kinachotoka.

Ukiwa umeyamaliza hayo na bawa bado linabaki nyuma yako, halitaki kufika juu ya kichwa hata katika upepo mzuri, fikiria urefu wa kamba. Kamba za nyuma hubeba uzito mdogo kuliko za mbele, na zile za Dyneema, aina ya uzi imara wa plastiki, hupungua urefu kadiri zinavyolowa, kukauka na kuzeeka. Zikipungua, bawa zima linakaa kana kwamba breki zimevutwa kidogo wakati wote. Hapo acha kuruka. Bawa la namna hiyo linaweza kuingia katika hali ya kushuka wima bila kwenda mbele, na hilo halirekebishwi kwa macho: linahitaji karakana yenye kipimo cha leza na jedwali la mtengenezaji.

Bawa linapanda kwa nguvu na kukuburuta

Hapa chanzo ni kimoja karibu kila mara, nacho ni upepo mkali kuliko ujuzi wako. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake. Ukitoka kilomita 20 hadi 30 kwa saa, bawa linakuvuta kwa zaidi ya mara mbili. Kwa anayeanza, kati ya kilomita 15 na 25 kwa saa panatosha. Zaidi ya hapo muulize mwalimu wa pale pale.

Ukiwa huna kipimo, bahari ni kipimo. Mawimbi yenye povu jeupe yakiwa machache huku na huku, upepo uko kwenye kilomita kumi na kitu. Povu likiwa limetapakaa mpaka upeo wa macho, umekaribia au umepita 25, na juu ya ukingo utakuwa na kasi zaidi, kwa sababu hewa inabanwa pale.

Ukianza kuburutwa, usiegemee nyuma kama anayevuta ng'ombe. Kimbia kulielekea bawa na uvute raiza za nyuma kabisa mpaka liporomoke. Hili lifanyiwe mazoezi uwanjani, mbali na ukingo, hadi mikono ijue bila kuulizwa. Asiyeweza kuliua bawa lake kwa upepo ule hajawa tayari kuliinua.

Nimeruka, lakini nashuka tu

Vyanzo vyake ni hivi, kwa kadiri vinavyotokea:

- Upepo ni hafifu au unakuja kwa pembe. Ukipotoka zaidi ya nyuzi 30 kutoka moja kwa moja, genge hilohilo linatoa kidogo kuliko ulichozoea.
- Umejitenga mno na genge. Mkanda wa hewa inayopanda ni mwembamba upepo ukiwa mdogo.
- Umepita juu ya korongo bila kuongeza mwendo. Pale penye pengo upepo hauinuki, unapita.
- Umebeba uzito kupita kiwango kilichoandikwa kwenye lebo ya bawa.
- Kitambaa kimechoka na hewa inapenya.

Cha kufanya ni kuamua mapema. Ufukwe wa Black's, chini ya genge, ni mahali pa kutua pa halali, na njia ya kurudi juu kwa miguu ni kali lakini ipo. Tatizo ni maji: bahari ikijaa, ufukwe unabaki ukanda mwembamba kati ya mawimbi na ukuta wa mawe. Soma jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kufungua begi. Kama maji yamejaa na upepo ni wa kusuasua, usiruke. Hutakuwa na pa kutua pindi upepo ukikatika.

Ukiwa tayari chini ya nusu ya genge, acha kutafuta hewa. Geukia ufukweni ukiwa na kimo cha kupanga kutua dhidi ya upepo. Anayeng'ang'ania mpaka mita 15 za mwisho hugeuka kwa breki nzito, karibu na ukuta, na hapo ndipo bawa linapoacha kubeba.

Napanda vizuri, ila siendi mbele

Dalili hii inaniogopesha kuliko zote, kwa sababu inaanza kama raha. Uko juu, bawa limetulia. Unatazama chini, unaona kichaka kilekile cha dakika mbili zilizopita, kiko pale pale chini ya viatu vyako. Ukikaza macho unakuta kichaka kinasogea mbele. Wewe ndiye unayerudi nyuma.

Paraglaida nyingi za daraja A na B kwa vipimo vya Ulaya huenda kilomita 36 hadi 39 kwa saa mikono ikiwa juu. Upepo ukifika hapo, umesimama. Hanglaida ina nafuu, kwa kuwa inaweza kuongeza kasi sana rubani akivuta baa anayoishika kwa mikono, lakini nayo ina mpaka.

Anza na rahisi: mikono iko wapi? Wengi wakishtuka hushika breki bila kujua na kujipunguzia kilomita tano au kumi. Pandisha mikono yote. Kisha tazama uko wapi: juu kabisa ya ukingo ndipo upepo unapobanwa na kwenda kasi. Sogea mbele, juu ya bahari, na mara nyingi mita 50 tu zinabadilisha hali. Kwa paraglaida, kanyaga baa ya mwendo, ile ya miguuni, polepole hadi nusu, hewa ikiwa laini. Kama ukikanyaga hakuna kinachotokea, kamba yake imeacha puli au haikuunganishwa. Jambo hilo hukaguliwa ukiwa umening'inia nyumbani, si hapa.

Ukiendelea kurudi nyuma, kunja ncha za bawa huku baa ya mwendo ikiwa imekanyagwa, ushuke ukiwa bado mbele ya ukingo, uende ufukweni. Kukunja ncha peke yake hakukupi mwendo wa mbele, kunakushusha tu, na hapa unahitaji vyote viwili. Usigeuke kufuata upepo “kidogo tu” ili ujipange upya. Ule mgeuko mmoja unaweza kukupeleka nyuma ya ukingo.

Nyuma ya ukingo ni upande wa demani, yaani uliokingwa na upepo, na hewa iliyopanda mbele inaporomoka huko kwa kisulisuli. Kama umeshapita na una kimo kikubwa, ni afadhali kufuata upepo mbali kabisa, kuvuka eneo hilo baya, kuliko kutua mita 30 nyuma ya ukingo. Lakini nyuma ya Torrey Pines kuna maegesho, barabara, Taasisi ya Salk na majengo ya chuo kikuu. Nafasi za wazi ni za kuhesabika. Kama kimo ni kidogo, lielekee upepo, miguu pamoja, magoti yakunjwe kidogo, na usivute breki kwa hofu. Ukishatua, vuta raiza za nyuma haraka, kwa maana bawa litataka kuendelea na safari.

Aliyerudishwa nyuma akatua salama akunje bawa lake. Siku ile imekwisha kwake, hata kama wenzake bado wako juu.

Hewa ni laini siku zote, leo inatikisa

Kwenye genge la bahari hewa ikitikisa ina sababu, na sababu haipuuzwi. Mara nyingi ni mkia wa hewa wa bawa lililopita mbele yako; huo unapita kwa sekunde. Mtikisiko ukiendelea, upepo umepinda na sasa unavuka rasi ya genge kabla ya kukufikia. Jua kali likipiga ukuta wa mawe, mapovu ya hewa moto huachia kutoka huko, na hayo ni ya kawaida kwa aliyezoea Iten. Sababu adimu, nayo ndiyo mbaya kuliko zote, ni upepo wa Santa Ana kujaribu kushuka kutoka jangwani. Huo huja hasa majira ya vuli na baridi, ni mkavu na wa moto, na unavuma kutoka mashariki. Ukishinda ule wa bahari, genge lote linageuka demani. Harufu ya vumbi, joto la ghafla usoni, bahari iliyolala bila wimbi karibu na ufukwe: tua mara moja, na usibishane.

Bawa likikunjika upande mmoja karibu na genge, kazi ya kwanza ni kwenda mbali na ukuta, kwa uzito wa mwili kisha breki kiasi upande ulio wazi. Kulifungua bawa kunafuata baadaye. Parachuti ya akiba ina nafasi finyu hapa: kwa mita 100 una sekunde chache, na upepo utakupeleka kwenye genge. Ikibidi kuirusha, irushe mapema na kwa nguvu.

Mitikisiko mingine hutokana na kukaribiana. Wawili wakikutana uso kwa uso, mwenye genge upande wake wa kulia ana haki ya njia, kwa kuwa hana pa kukwepea. Torrey Pines maana yake ni anayekwenda kaskazini. Anayekwenda kusini ndiye anayesogea baharini. Na kila mgeuko ni wa kuondoka kwenye genge, kamwe si wa kulielekea.

Hanglaida: pua inainuka, au inavuta upande

Kabla ya vyote viwili, ndoano. Marubani wa hanglaida wamekufa kwenye magenge, kwenye milima, na mbele ya marafiki zao kwa sababu walikimbia bila kujiunganisha na bawa. Kuning'inia mara moja unapojiandaa hakutoshi, kwa sababu watu hujifungua tena kwenda kuchukua glavu au redio. Sekunde chache kabla ya kukimbia, inua bawa mpaka mikanda ya hanesi ikuvute miguuni. Usipoihisi, usiondoke. Kwa paraglaida, mwenzake ni mikanda ya miguu: gusa kushoto, gusa kulia, sema kwa sauti.

Pua ikiinuka kwenye ukingo, kwa kawaida umesimama mbele mno, pale ambapo upepo unapanda karibu wima. Rudi hatua mbili tatu, shusha pua, na uombe wasaidizi washike nyaya za pembeni na za pua. Wakubaliane nawe maneno kabla: nani anasema, na “achia” itasemwa mara ngapi. Msaidizi asiyejua anaweza kukuangusha kwa kushika sekunde moja zaidi.

Ikiwa inavuta upande mmoja angani, angalia kwanza zipu na mbavu, vile vijiti vinavyokipa kitambaa umbo. Ubavu mmoja ukiingizwa nusu au ukiwekwa upande usio wake unatosha kabisa. Toa mbavu zote, zilinganishe na mchoro wake wa karatasi, kushoto kwa kulia. Kisha tazama kama kitambaa kimeteleza kwenye bomba la ukingo wa mbele. Hapo ndipo ukomo wa kazi ya nyumbani. Bomba lililopinda, hata kidogo, halinyooshwi kwa goti. Linabadilishwa na fundi mwenye vipuri vya mtengenezaji.

Nikitua juu, bawa linaniangusha mita mbili za mwisho

Karibu na ardhi upepo hupungua, kwa hiyo bawa lililokuja polepole linajikuta halina kasi. Tiba ni kuja na mwendo, mikono juu, na kuweka breki mwishoni. Usipige breki kama pampu. Kama tatizo linarudi mahali palepale kila siku, basi pale ni nyuma mno ya ukingo na unatua ndani ya kisulisuli. Waulize wenyeji wanatua wapi na ufuate mstari wao.

Naelekea majini

Kutua ufukweni kwa kufuata upepo, hata ukaanguka na kuumia kifundo, ni bora kuliko kutua kwenye mawimbi. Ichague ardhi ingali ipo.

Ikiwa haiepukiki, legeza mkanda wa kifua na ufungue vifungo vinavyoweza kufunguliwa ukiwa umekaa salama, lakini usiruke kutoka kwenye hanesi mapema: juu ya maji macho hudanganya kuhusu kimo. Toka mara tu miguu inapogusa maji. Sponji ya mgongoni ya hanesi huelea na kumlaza rubani kifudifudi. Usibaki umefungwa nayo. Ogelea mbali na kamba, usijaribu kuliokoa bawa. Kisu cha kukatia mikanda kiwe mahali mkono wowote unafika.

Unayeona kutoka juu, piga 911, namba ya dharura ya Marekani, kwanza. Waokoaji wa pwani wa San Diego hufanya kazi ya magenge na mawimbi kila mara. Usishuke ukutani mwenyewe. Mawe ya genge hili humeguka.

Kamba ngumu, zipu zinazolia, madoa kwenye nyaya

Hii ni chumvi. Bawa lililopata unyunyu tu wa bahari halihitaji kuoshwa; lianike kivulini, kwa kuwa jua na kusuguliwa huondoa utando wa kitambaa kuliko chumvi yenyewe. Bawa lililozama baharini ni jambo jingine. Lisuuze kwa maji mengi matamu, bila sabuni, lianike kivulini likiwa limefunguka, kisha lipelekwe karakana kabla ya kuruka tena. Parachuti ya akiba iliyolowa ifunguliwe na ifungwe upya na mwenye kibali, hata kama unaona imekauka.

Kwenye hanglaida, pitisha kitambaa laini juu ya kila waya, si mkono mtupu. Uzi mmoja uliokatika utakinasa kitambaa, na waya huo hauruki tena. Tazama sana pale waya unapoingia kwenye kola za kubana, kutu hupenda kujificha hapo. Unga mweupe kwenye maungio ya bomba ni alumini inayolika. Mwambie fundi afungue maungio yote, asifute tu nje.

Ukipeleka chombo karakana, andika dalili kama ilivyotokea: upepo ulikuwaje, ulikuwa mbele au nyuma ya ukingo, mikono ilikuwa wapi, na bawa lina saa ngapi za anga na miezi mingapi ya pwani. Kwa maelezo hayo fundi ataanza moja kwa moja na kupima kamba za nyuma au kupenya kwa hewa, badala ya kukurudishia bawa na karatasi isemayo halina tatizo.